Gari ikisumbua kuwaka asubuhi ya baridi: sikiza stata kwanza kabla hujanunua betri

Kama gari yako ikilala nje inakusumbua kuwaka asubuhi, halafu saa saba mchana inashika mara moja kama haijawahi kuwa na shida, hii ni yako. Mimi niko Nakuru, Kenya, huku Julai ikifika asubuhi inashuka mpaka karibu digrii 10, na ukipanda Molo au Timboroa wacha tu. Kila mwaka msimu huu naona kitu kimoja mtaani, mtu ananunua betri mpya, anafurahi wiki mbili, halafu asubuhi moja gari inarudia kulia vilevile na sasa pesa imeisha. Mimi pia nilinunua. Betri yangu ya zamani ilikuwa sawa, kibovu kilikuwa waya wa athi, ule mweusi unaounganisha negative ya betri na chuma ya gari, na hiyo nitaieleza huko chini kwa urefu kwa sababu watu wengi wanairuka, mafundi pia.

Cha kuelewa kwanza ni vile asubuhi gari inadai kila kitu kwa wakati mmoja. Oili imekuwa nzito kwa hivyo stata, ile mota inayozungusha injini, inafanya kazi zaidi, betri nayo ikiwa baridi inatoa nguvu kidogo, petroli inakuwa ngumu kugeuka mvuke, na kompyuta lazima ijue injini ni baridi ndio iongeze mafuta. Kitu kimoja kikiwa kimechoka, mchana hutakijua, lakini asubuhi kitatokea tu. Ndio maana mtu wa Kisumu, kule chini mita 1,100 na kitu, anaweza kukaa na betri imechoka mwaka mzima bila kujua, halafu siku amekuja matanga Molo gari inakataa kabisa saa kumi na moja alfajiri.

Sasa kesho asubuhi kabla hujafungua boneti fanya hivi. Zima redio, zima feni, zima taa, vuta handibreki, shusha kioo kidogo ndio usikie vizuri. Piga stata sekunde tano hivi na usikize. Ukisikia tak-tak-tak-tak za haraka huku taa za dashibodi zinafifia, umeme haufiki wa kutosha. Ukisikia TAK moja nzito halafu kimya na taa bado zinang'aa, hiyo mara nyingi ni stata yenyewe. Ikizunguka polepole, nguuu... nguuu... nguuu, kama mtu amebeba gunia la viazi anapanda mlima, ni betri, ni athi au ni oili. Ikizunguka kwa kasi yake ya kawaida lakini haishiki, achana na betri kabisa, hapo ni mafuta, plagi ama sensa. Na ikishika halafu inazima baada ya sekunde mbili, hiyo ni nyingine tena, tutafika.

Hizo sekunde tano ndio kipimo cha maana kuliko vyote, na ni bure. Mtu akinipigia simu ati gari haiwaki swali langu la kwanza ni inalia aje, na wengi hawajui, wanajua tu haiwaki.

Tuanze na ile inazunguka polepole ama inapiga tak-tak. Nunua multimita, mita ya kupima umeme, ile ndogo wanauza kwa maduka ya umeme, haitakumaliza pesa na itakulipa siku ya kwanza. Iweke kwa DC 20, pima betri asubuhi kabla hujawasha chochote, hata mlango usiufungue kwanza kama unaweza kwa sababu taa ya ndani inakula kidogo. Betri imejaa inasoma 12.6 ama zaidi. Ikisoma 12.4 iko kama robo tatu, 12.2 ni nusu, na ikishuka chini ya 12 hiyo imeisha. Sasa mwambie mtu apige stata wewe ukiangalia. Namba itashuka, hiyo ni kawaida, lakini isipite chini ya 9.6. Ikidondoka mpaka 8 ama 7 na ilikuwa 12.6 kabla, betri imezeeka ndani, inaonyesha volti lakini haina nguvu. Gari ikishika pima tena injini ikinguruma, unataka 13.8 mpaka 14.5. Ukipata 12.5 injini ikitembea basi altaneta haichaji, na hapo hata ukinunua betri tatu zote zitakufa.

Kitu kingine kuhusu betri, angalia saizi. Kuna gari nyingi hapa, Fielder, Probox, Wish, zilikuja na betri ya NS60 halafu mtu mmoja huko nyuma akaweka NS40 kwa sababu ni ya bei nafuu na inaingia kwa hiyo nafasi. Nairobi mchana itawasha vizuri. Kwa baridi ya Mau Summit ni ndogo. Ukienda kununua peleka ile ya zamani dukani, wanakupunguzia bei, na uliza ile namba gari yako inataka.

Haya, sasa hii ya athi. Gari yangu ilianza kuzunguka polepole asubuhi, mchana sawa. Nikaenda duka moja wakapima betri kwa macho, wakasema imekufa, nikanunua mpya. Kweli ikawa nzuri, kwa sababu betri mpya ina nguvu ya ziada na pia kijana alikaza terminali akiiweka. Baada ya wiki mbili, asubuhi moja baridi imeuma, tena nguuu nguuu. Nikachukua multimita, betri mpya inasoma 12.7, jirani akapiga stata nikaona inashuka mpaka 10.9 tu. Hapo ndio nikashtuka, kwa sababu kama betri iko na 10.9 wakati wa kupiga na stata bado inazunguka kama inalala basi umeme uko lakini unapotea njiani. Nikaweka mkono kwa ule waya mweusi, pale unafungwa na bolti kwa gia boksi, na ulikuwa moto. Asubuhi ya digrii 10, injini haijawaka, na hicho kipande cha chuma kina moto wa kikombe cha chai. Nikafungua hiyo bolti kwa spana ya 12, chini yake kulikuwa na kutu na unga wa kijani, na waya zile nyembamba za ndani zimekatika karibu nusu, zimebaki nyuzi chache zinabeba mzigo wote. Nikakata, nikaweka kebo mpya nene, nikasugua chuma kwa msasa mpaka ikang'aa, nikakaza, nikapaka grisi juu. Mpaka leo iko sawa.

Kupima hii ni rahisi. Multimita bado DC 20, waya mweusi wa mita ushike kile kichwa cha risasi cha negative, si ile klampu, kichwa chenyewe, na ule mwekundu ushike chuma safi ya injini. Mtu apige stata. Ukiona 0.1 ama 0.2, athi ni nzuri. Ikipita 0.5 umepata mwizi. Rudia upande wa chanya pia, mwekundu kwa kichwa cha betri, mweusi kwa ile nati kubwa ya stata, uone kama kuna upotevu huko. Na ukishangaa kwa nini mchana ilikuwa inawaka, ni kwa sababu oili imelainika, stata inataka umeme kidogo, na ule waya mbovu unaweza kuubeba huo kidogo.

Terminali zenyewe zikiwa na ule unga mweupe au wa kijani, mwaga maji moto yenye magadi, utaona yanatoa povu, sugua na brashi ya zamani, suuza, kausha, kaza. Ondoa waya wa negative kwanza na uurudishe mwisho, na usivute sigara hapo, betri inatoa gesi ya kulipuka. Klampu ikiwa unaweza kuizungusha kwa mkono, haijakaza, na hiyo peke yake inatosha kukulaza njiani.

Kuna wale ambao betri ni nzuri, athi ni nzuri, altaneta inachaji, lakini kila asubuhi inasoma 11.8. Kuna kitu kinanyonya usiku. Huku kwetu mara nyingi ni vitu viliongezwa: alamu, traka, amplifaya ya mziki iliyofungwa na fundi wa haraka moja kwa moja kwa betri. Weka mita kwa 10A, toa negative, weka mita katikati ya kichwa cha betri na ule waya, funga milango, ngoja kama nusu saa kompyuta zilale, halafu soma. Chini ya 0.05 ni kawaida. Ukiona 0.5, piga hesabu, usiku wa masaa kumi ni 5 Ah (ampea mara masaa), na gari ikikaa kutoka Ijumaa jioni mpaka Jumapili jioni ni 24 Ah, na betri ndogo ya NS40 ina kama 35 tu. Toa fyuzi moja moja mpaka namba ishuke, hiyo fyuzi ndio itakuonyesha ni laini gani. Lakini usipige stata mita ikiwa imefungwa hivyo, utaichoma.

Stata yenyewe sitakaa sana. Ile TAK moja, kwa Toyota nyingi ni zile kontakti za shaba ndani ya solenoidi zimekulika, unapiga mara tano inakataa, ya sita inazunguka. Hapo fundi wa stata anabadilisha kontakti na kaboni, usikubali kununua stata nzima ya kutoka kwa gari iliyovunjwa kabla hajafungua yako akuonyeshe.

Oili. Wengi wetu tunawekewa 20W-50 kwa injini za 1NZ, kama ya Probox, na nyingine za Japani ambazo kitabu kinasema 5W-30, na sababu inayotolewa ni kwamba hapa ni joto ama injini imezeeka. Hiyo namba ya kwanza kabla ya W ndio inasema oili inakuwa nzito kiasi gani kukiwa baridi. Siwezi kukudanganya ati 20W-50 peke yake itazuia gari kuwaka Nakuru, hapana, lakini ukiijumlisha na betri iliyochoka kidogo ndio ile nguuu nguuu. Mimi nilirudi 5W-30 na naisikia tofauti kila asubuhi. Kama injini yako inakula oili, ongea na fundi unayemwamini kabla hujabadilisha.

Sasa ile inazunguka vizuri lakini haishiki. Hapa watu wanapiga stata dakika nzima mpaka betri inakufa na wanafikiri shida ni betri. Piga sekunde 10, pumzika nusu dakika. Kabla hujapiga tena, jaribu hii: washa switch bila kupiga stata, ngoja sekunde tatu, zima, rudia mara tatu, halafu piga. Ikishika haraka hivyo, kuna uwezekano presha ya mafuta inarudi kwa tangi usiku, ile valvu ya pampu haishikilii, ama kuna injekta inavuja. Ila uwe mwangalifu, Toyota kadhaa pampu hailii ukiwasha switch, inasubiri stata izunguke, kwa hivyo usiposikia ile mlio wa tangi usikimbilie kusema pampu imekufa.

Ukinusa petroli kali nyuma ya gari, injini imezama. Kanyaga mafuta mpaka chini kabisa, ukiwa umeshikilia hivyo piga stata sekunde 10. Gari nyingi za injekta zikiona hivyo zinakata mafuta ndio injini ikauke. Ikishika achia mguu polepole. Na kupampu mafuta kabla ya kuwasha ni ya magari ya kabureta, zile Datsun na Peugeot 504 za zamani ambazo bado zinabeba mizigo Bungoma na Kakamega. Kwa hizo vuta choki, kanyaga mara mbili, piga. Kwa gari ya injekta kupampu hakusaidii chochote.

Plagi ndio rahisi kuangalia. Toa moja moja na uzipange kwa mpangilio wa silinda. Rangi nzuri ni kahawia hafifu, kama chai imewekwa maziwa mengi. Nyeusi kavu kama masizi ya jiko, gari inapewa petroli nyingi ama safari zako ni fupi sana haipati joto. Mbichi na inanuka petroli, hiyo haichomi kabisa, badilishana koili yake na ya silinda ya jirani uone kama shida inahama. Ncha imekulika ikawa duara na mwanya umefunguka, huo ni uzee, umeme unaruka mwanya mkubwa kwa shida na asubuhi ndio shida inazidi. Kwa 1NZ mwanya ni kama milimita 1.1. Ukinunua iridiumu nunua mahali unapajua, feki zimejaa.

Kisha sensa ya joto la maji, na hapa naomba unisikize kwa sababu imemalizia watu wengi pesa. Hii sensa ndogo ndio inaambia kompyuta injini ni baridi. Ikidanganya kwamba injini ni moto, kompyuta inatoa petroli kidogo, na injini baridi haitashika na petroli kidogo. Ukikata waya wake kabisa, Toyota nyingi zinajiwekea tu digrii 80. Kuijua, tafuta kile kidude cha bluetooth cha kuchomeka chini ya dashibodi, fungua programu kwa simu, asubuhi kabla hujawasha injini soma joto la maji na joto la hewa inayoingia. Gari ikiwa imelala usiku kucha hizo mbili lazima zikaribiane, na zikaribie baridi ya nje. Ukiona hewa 11 na maji 62, umemaliza kazi, toa hiyo sensa. Kodi za upande huo, yaani namba za hitilafu, ni P0115 mpaka P0118, lakini sensa inaweza kudanganya bila kuwasha taa ya injini, ndio maana nakuambia soma namba zenyewe. Bila hicho kidude, pima sensa kwa mita ya omu: ikiwa na digrii 20 Toyota inasoma kama 2,300 mpaka 2,600, ikiwa moto 80 ni kama 320.

Na mafuta yenyewe. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa haigeuki mvuke vizuri kwa baridi. Hii ilikuwa kubwa zaidi zamani, 2018 serikali ikaongeza ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa kwa sababu hiyo hiyo ya kuchanganya, lakini kama shida yako ilianza asubuhi baada ya kujaza mahali pageni, jaza tangi ijayo kwingine kabla hujafungua injini.

Ile inashika halafu inazima, ama inatetemeka mpaka ukanyage kidogo, anza na throto bodi, pale hewa inaingilia injini. Toa hosi kubwa ya hewa, angalia kile kisahani, kama kuna ukoko mweusi pembeni hewa ya kutembea bila mguu haipiti. Pulizia dawa yake kwa kitambaa, panguza, usikilazimishe kisahani kwa kidole kwa gari za throto ya umeme, unaweza kuvunja gia zake. Angalia pia hosi ndogo za vakyumu, raba ikizeeka inapasuka na baridi inaifungua zaidi.

Wa dizeli, yenu ni tofauti. Hakuna plagi ya kutoa cheche, ni mgandamizo wa hewa ndio unachoma, na huko juu Timboroa, zaidi ya mita 2,700, hewa yenyewe ni nyepesi na baridi. Hita plagi, ile inapasha joto ndani ya silinda kabla ya kuwasha, ndio rafiki yako. Ngoja ile taa ya alama ya koili kwa dashibodi izime kabla ya kupiga, na kwa baridi kali rudia mara mbili. Ikiwaka na moshi mweupe inatetemeka dakika moja halafu inatulia, mara nyingi kuna hita moja ama mbili zimekufa. Toa ile bamba inaziunganisha, chukua balbu ya volti 12, waya mmoja kwa chanya ya betri, mwingine kwa kichwa cha hita. Balbu ikiwaka hita ni nzima, isipowaka imekatika. Zote zikiwa nzima, pima kama umeme unafika kwa hiyo bamba, ukikosa ni rilei. Kisha finya ile pampu ya mkono juu ya filta, asubuhi ikiwa laini, inafinyika mara nyingi kabla haijakaza, kuna hewa inaingia, tafuta hosi iliyopasuka ama filta haijakazwa. Na tafadhali, usipulizie ile dawa ya kopo ya kuwashia kwa injini yenye hita plagi, inaweza kulipuka hapo hapo kwa manifodi.

Kama uko njiani na lazima utoke, jampa ni nyekundu kwa chanya ya yako, nyekundu nyingine kwa chanya ya gari nzima, ile inayokusaidia, nyeusi kwa negative ya gari nzima, na nyeusi ya mwisho kwa chuma ya injini yako mbali na betri. Acha gari nzima inguruma dakika tano ndio upige. Kusukuma ni kwa manyuo tu, otomatiki hata watu ishirini wasukume haitawaka.

Ukishindwa na unaipeleka gereji, usiiendeshe asubuhi ukamwambie fundi ilikuwa inasumbua. Ikifika hapo imeshapata moto, itawaka mara moja, na atabaki anakisia kwa pesa yako. Ipeleke jioni, mwachie ilale hapo nje, mwambie asiiguse, na wewe ufike saa kumi na mbili na nusu mpige stata mkiwa wawili, mita ikiwa mkononi.